Msitu wa shehia: uwe mikononi mwa nani?

Kila baada ya miezi michache hunipigia simu mtu wa kamati ya shehia fulani (eneo dogo la utawala chini ya sheha), Unguja au Pemba, na swali huwa lile lile. Kichaka chao kinakwisha, watu wameshakubaliana kwamba lazima kitunzwe, lakini hawakubaliani kitunzwe na nani. Wazee wanasema urudishwe mwiko. Vijana wanataka kusajili jumuiya. Sheha anasema waitwe watu wa Idara ya Misitu waandikiane makubaliano. Na hakosekani mmoja wa kusema serikali wachukue wenyewe, sisi tubaki na mashamba yetu.

Mimi nimekuwa katibu wa kamati ya hifadhi kwenye shehia moja ya maweni, yaani ardhi ya jiwe la matumbawe, kusini ya Unguja, kwa miaka tisa, na Pemba nimekwenda mara kadhaa kuona wenzetu wanavyofanya. Njia zote nne nimeziona zikifanya kazi mahali na zikishindwa mahali. Kosa ninaloliona likirudiwa ni moja: watu huanza kwa kuuliza nani atatia saini, wakasahau kuuliza nani atakwenda msituni Jumanne asubuhi, na yule aliyekuwa akikata pale juzi ataishi kwa nini. Kwa hiyo nimejaribu kuziweka njia hizi pamoja na kuzipima kwa maswali yale yale, ili kila shehia ijitazame yenyewe.

Jambo moja liwekwe wazi kwanza. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya serikali. Hakuna njia hata moja kati ya hizi itakayoifanya shehia kuwa mmiliki wa ardhi ya msitu. Kinachogawanywa ni haki ya kutumia, haki ya kuzuia, na mzigo wa kutunza.

Maswali ya kupimia

La kwanza ni nguvu ya kuzuia. Akija mtu na gari ya ng'ombe usiku kutoka shehia nyengine, una uwezo gani wa kumsimamisha, na kesho yake kesi hiyo inakwenda wapi?

La pili ni kazi ya kila wiki. Msitu hautunzwi kwa mkutano. Kuna kufyeka mipaka ili ionekane, kusafisha njia ya kuzuia moto kabla ya kiangazi, kupanda palipobaki wazi, kuzunguka doria, kuandika kilichoonekana. Nani anaifanya, na anaifanya kwa malipo au kwa moyo?

La tatu ni fedha: zinatoka wapi, na zikikatika kunabaki nini.

La nne ndilo ninaloliona zito kuliko yote, nami naliita swali la mwenye shoka: aliyekuwa akikata ataishi kwa nini? Mwaka wa pili wa kamati yetu doria ilimkuta mama mmoja, mtu wa kijiji chetu, na tita la kuni mbichi kichwani. Tukamsimamisha. Akalitua, akakaa juu yake, akapangusa uso kwa ncha ya leso, akasema: “Wanangu, hapa mmenikataza. Wapi mmenionesha?” Hatukuwa na jibu. Mpango wetu ulikuwa na ukurasa mzima wa adhabu, wala haukuwa na mstari mmoja unaosema kuni zitapatikana wapi. Tangu siku ile mpango wowote ninaoletewa nautafutia mstari huo kwanza.

La tano ni kudumu. Akifariki mzee, akihamishwa sheha, mradi ukifunga ofisi, msitu unabaki na nani?

Njia ya kwanza: hifadhi ya serikali, vijiji vikiwa majirani

Hii ndiyo njia ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, Masingini, Kiwengwa-Pongwe, na kwa Pemba Ngezi na Msitu Mkuu. Serikali inasimamia msitu moja kwa moja kwa maofisa na walinzi wake, na wanakijiji wa pembezoni wanashirikishwa kwa kiasi fulani.

Nguvu ya kuzuia. Hapa haina mfano. Mlinzi ana sheria nyuma yake na mkataji anajua. Jozani ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, ikiwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 50, na mwaka 2016 UNESCO ikaitambua Jozani na Ghuba ya Chwaka kuwa hifadhi ya baiolojia ya kimataifa. Kima punju, ambaye hapatikani kokote duniani isipokuwa kwetu, alihesabiwa katika utafiti uliotolewa mwaka 2017 na wakakutwa zaidi ya 5,800 Unguja nzima. Nyingi ya hesabu zilizotangulia zilikuwa ndogo kuliko hiyo. Kwa mnyama anayehitaji msitu mzima usiokatika vipande, sioni kijiji kimoja kingeweza kubeba kazi hiyo peke yake.

Kazi ya kila wiki. Inafanywa na waajiriwa. Wanakijiji huitwa kwa vibarua, kuongoza wageni, na kuhudhuria vikao.

Fedha. Zinatoka serikalini na kwa watalii. Jozani ina kiingilio, na sehemu ya mapato hurudi vijijini; ndiyo iliyosaidia ujenzi wa mambo ya jamii kama skuli na vituo vya afya. Vijiji vina chombo chao, jumuiya ya JECA, kinachosimama kati yao na hifadhi. Ila mpango huu unategemea wageni wapite. Msitu usio njiani kwa watalii hauwezi kuuiga hivi hivi.

Mwenye shoka. Hapa njia hii ina udhaifu. Msitu ukifungwa, shoka halitundikwi. Linahamia kwenye kichaka cha shehia ya jirani. Na mkulima wa pembezoni ana malalamiko yake: kima wanashuka shambani, wanakula machipukizi ya miembe na vidaka vya nazi. (Kima hawa hula hata makaa. Watafiti wanasema yanawasaidia matumbo kuhimili sumu iliyomo kwenye majani ya miembe na mikungu. Nimewaona mwenyewe wakiokota vipande kwenye tanuu la zamani, wakivishika kwa mikono miwili kama mtoto anayekula muhogo.) Mkulima anayeona mnyama wa serikali akila shamba lake hawezi kuupenda msitu kwa kuhubiriwa, anataka fidia anayoielewa na inayofika kwa wakati.

Kudumu. Nzuri. Ofisa akihama, anakuja mwengine.

Inawafaa watu ambao msitu wao ni mkubwa, una kiumbe au mti wa nadra, au unalinda maji ya watu wengi, kama Masingini inavyolinda vyanzo vya maji ya Mjini. Kichaka cha shehia cha ukubwa wa kawaida hakitapewa walinzi wa kudumu, na kukisubirishia ni kukipoteza.

Njia ya pili: makubaliano kati ya shehia na Idara ya Misitu

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiyo njia niliyoiishi na ndiyo inayoulizwa sana.

Msingi wake ni sheria ya misitu ya Zanzibar, namba 10 ya mwaka 1996, iliyofungua mlango kwa vikundi vya wananchi kupewa usimamizi wa eneo la msitu kwa makubaliano maalumu. Shehia inachagua kamati, inatembea mipaka, inachora ramani, inaigawa ardhi katika kanda (pa kuhifadhi kabisa, pa kutumia kwa kiasi, pa kupumzisha), inaandika mpango na sheria ndogondogo, kisha inatiliana saini na Idara. Makubaliano haya yalienea sana wakati wa mradi wa HIMA ulioanza mwaka 2010, uliofadhiliwa na Norway na kuendeshwa na shirika la CARE pamoja na Idara. Jina lilifupishwa kutoka Hifadhi ya Misitu ya Asili, nalo lilichaguliwa vizuri: kwa Kiarabu hima ni ardhi iliyowekewa zuio kwa maslahi ya wote, jambo lililojulikana tangu zama za Mtume. Sisi Waswahili tunalisikia neno hilo kama kuharakishana, na kwa hali ya misitu yetu maana zote mbili zinafaa.

Nguvu ya kuzuia. Ya kati. Kamati inaweza kutoa na kunyima ruhusa ndani ya eneo lake, kutoza kwa mujibu wa sheria ndogo, na kumfikisha mkaidi kwa sheha, kwa Idara, kisha polisi. Lakini nguvu hiyo ni ya kuazima. Mkifika kituoni na mtu mliyemkamata na anayeijua karatasi yenu hayupo, mtarudi naye kijijini mkiwa mmenyamaza. Imetupata hiyo mara mbili. Faida nyengine ni kwamba msitu wenye ramani na mpango uliosainiwa una pa kusimama siku anapotokea mtu anayeutaka kwa ujenzi. Si kinga kamili, lakini kichaka kisichokuwa na karatasi hakina hata cha kuanzia kusema.

Kazi ya kila wiki. Yote ni yenu, na hapa ndipo makubaliano mengi yanapolala. Mipaka peke yake ilitula miezi mitatu. Sisi tuliamini mpaka wetu na jirani unapita kwenye kisima cha mawe. Wao walisema kwenye mbuyu. Kati ya viwili hivyo ni mwendo wa robo saa, na ndimo zilimokuwa boriti zote nzuri. Tulitembea pale na wazee wa pande mbili, jua la saa saba, hakuna aliyekubali. Mwisho tukaandika kwamba kipande kile ni cha matumizi ya pamoja na doria yake ni ya zamu, wiki yao, wiki yetu. Mpaka leo ndicho kipande kinacholindwa vizuri kuliko vyote, kwa sababu kila upande unamtazama mwenzake.

Baada ya mipaka ni doria. Watu wa kujitolea wanakwenda vizuri miezi sita ya mwanzo. Kisha mmoja anapata kazi hotelini, mwengine anaoa, wa tatu anachoka kutoboka viatu kwenye jiwe. Aliyeshawahi kutembea maweni anajua: udongo ni unene wa kiganja juu ya jiwe la matumbawe lenye ncha kama kisu, na malapa hayamalizi siku. Kamati inayopanga bajeti ya semina na isipange ya viatu, ijue doria yake haitavuka mwaka.

Fedha. Ni kidogo na ni za kweli. Ada za vibali vya kuni, boriti na fito, kodi ya kuweka mizinga ya nyuki, faini. Zinatosha viatu, tochi na vocha za simu kama hazikupotea njiani. Wakati wa HIMA palizungumzwa sana fedha za kaboni, yaani malipo ya kuiacha miti isimame ili ihifadhi hewa ya ukaa, na watu wengi walitia saini wakiwa na hesabu hizo kichwani. Hazikuja kuwa kipato cha kudumu cha shehia. Nasema hivi kwa sababu maneno ya kaboni yamerudi tena siku hizi, na namuomba kila anayetaka kusaini ajiulize: kama isingekuja hata shilingi moja kutoka nje, tungeuhifadhi msitu huu? Kama jibu ni hapana, msisaini bado.

Mwenye shoka. Hapa njia hii inaweza kushinda nyengine zote, au ikafeli vibaya. Inashinda kwa sababu ina kanda ya matumizi: mnaweza kuandika kwamba kuni kavu zinaokotwa siku mbili kwa wiki, ukindu unachumwa bila kugusa kitovu cha mkindu, boriti zinakatwa kwa kibali kwenye kipande cha mwaka huu na mwakani kinalala. Yule mama tulimjibu mwaka uliofuata kwa namna hiyo. Inafeli pale kamati inapojaa watu wenye mashamba, maduka na kazi za serikali, wasiojua bei ya polo la makaa, wakaandika makatazo ambayo wao hayawagusi.

Sisi tulipata nafuu tulipowaingiza kwenye doria wachomaji makaa wawili wa zamani. Wazee walinuna. Lakini wale wanasoma moshi. Tanuu likiwa changa linatoa moshi mweupe, mzito, unaolala juu ya miti. Likikaribia kuiva moshi unakuwa mwembamba, wa buluu. Wakisimama kwenye jiwe la juu asubuhi wanakwambia pale limewashwa jana, pale wanafukua leo usiku. Sisi wengine tulikuwa tunazunguka siku nzima na kurudi na miba.

Kudumu. Inategemea kufufuliwa. Makubaliano yana muda wake, kamati inapaswa kuchaguliwa upya, na Idara ina haki ya kuyafuta yasipofuatwa. Zipo shehia ambazo karatasi imo kabatini na msitu haumo tena. Kuwa pamoja na shehia nyengine kwenye mwavuli wa JUMIJAZA, jumuiya iliyoundwa kuziunganisha shehia zenye makubaliano, kunasaidia, hasa pale tatizo linapotoka nje ya mipaka yenu.

Inawafaa watu wa shehia yenye msitu wa wastani unaotumiwa kila siku, yenye watu wanane au kumi walio tayari kuendelea baada ya sherehe ya kusaini, na majirani wanaoweza kukaa nao kitako.

Njia ya tatu: wazee, mwiko na mzimu

Atakayeicheka njia hii akatembee kusini ya Unguja atafute miti minene iliyobaki kwenye maweni. Mingi ataikuta imezunguka pango au kisima kilichokuwa mzimu wa mji. Ndani yake mna vipande vya kitambaa, chetezo, majivu ya ubani. Nje yake, hatua ishirini, vichaka vya kimo cha mtu.

Nguvu ya kuzuia. Kwa mtu wa mji inatosha kabisa: mvyale, mzee mwenye dhamana ya mzimu, akisema pale hapakatwi, hapakatwi, na hakuna aliyelipwa. Kwa mgeni haina nguvu hata kidogo. Aliyetoka mbali na msumeno wa mashine hamjui mvyale wala haogopi pango.

Kazi ya kila wiki. Karibu hakuna. Kufyeka njia ya kuingilia, kusafisha siku za dua au Mwaka Kogwa, basi. Mwiko unazuia, haupandi wala hauzimi moto wa mrina asali.

Fedha. Haihitaji na haizalishi.

Mwenye shoka. Anaheshimu kwa sababu eneo ni dogo na nje yake anaruhusiwa. Mkitaka kuutandaza mwiko huo huo juu ya msitu mzima, atauvunja.

Kudumu. Hapa ndipo pana huzuni. Wavyale wanapungua na vijana hawarithi. Tena wapo masheikh na waumini wengi wanaoona mambo ya mizimu yanagusa shirki, na haifai kuwalazimisha kinyume na dini yao. Lakini heshima ya mahali inaweza kubaki kwa lugha nyengine. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, wavuvi wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alifika akaomba msala wa kusalia, haukupatikana, akasema basi kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, kwani kimeelekea kibla. Kilipowekwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998 na baadaye mafundisho ya Kiislamu ya uangalizi wa viumbe yakaingizwa kwenye mazungumzo na wavuvi, watu walisikiliza kwa namna ambayo hawakuwa wakiisikiliza amri. Na kila muumini anaijua hadithi ya Mtume kwamba anayepanda mti, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, inaandikwa kwake sadaka.

Inawafaa watu wa mji mkongwe wenye kipande kidogo, wazee wanaosikilizwa, na wageni wachache. Pia inafaa kama kiini ndani ya makubaliano ya njia ya pili: kanda ya kuhifadhi kabisa iwekwe pale pale penye mwiko, na hamtahitaji kumshawishi mtu.

Njia ya nne: jumuiya iliyosajiliwa

Watu wachache wenye nia wanaandikisha jumuiya kwa Mrajis, wanafungua akaunti, wanapanga kazi na kutafuta wafadhili.

Nguvu ya kuzuia. Juu ya msitu wa umma, hawana, mpaka wapewe kwa makubaliano. Wanaloliweza ni shamba lao na ushawishi wao.

Kazi ya kila wiki. Ndiyo nguvu yao kubwa. Kisiwani Pemba, Kidike, wanakijiji wanalinda kituo cha popo wa Pemba. Popo huyu alikaribia kutoweka mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kuwindwa na kukatiwa misitu, na leo wanahesabiwa kwa maelfu mengi. Ukifika jioni utakuta mtu wa pale pale anakuongoza, anajua mti upi umelaliwa mwaka huu na kwa nini walihama ule wa zamani. Huku Unguja, njia ya mbao iliyopita juu ya mikoko ya Pete imewapa watu wa pale sababu ya kuutazama mkoko uliosimama kama mali. Kisiwani Kokota, magharibi ya Pemba, kulikokuwa kumekwisha kukatwa, shirika la Community Forests Pemba na wanakisiwa walianza kwa vitalu vya miche na kuvuna maji ya mvua.

Fedha. Wageni, wafadhili, kuuza miche, asali. Zinakuja kwa mafungu makubwa kisha zinakatika.

Mwenye shoka. Inategemea nani amealikwa. Jumuiya ya watu waliosoma pamoja haimfikii. Jumuiya iliyoanza na mivinje ya boriti na fito kwenye mashamba ya wakataji wenyewe inampa kitu cha kukata miaka michache baadaye bila kugusa msitu. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi bora ambayo jumuiya inaweza kufanya, na inafanywa kidogo mno.

Kudumu. Dhaifu pale ilipojengwa juu ya mtu mmoja. Niliwahi kukuta kitalu kizima cha miche ya mikandaa kimekauka kwenye vifuko vyake, vimepangwa safu safi kabisa, kwa sababu mwenyekiti alisafiri na funguo za pampu.

Inawafaa watu wanaotaka kupanda upya, kuonesha kitu kwa wageni, au kufundisha watoto wa skuli, na wako tayari kufanya kazi chini ya kamati ya shehia badala ya kushindana nayo.

Kwa hali yako

Kama msitu wenu ni mikoko kwenye ghuba inayotumiwa na vijiji vitatu au vinne, msianze na jumuiya wala na makubaliano ya shehia moja. Kaeni na vijiji vyote kwanza, mkubaliane nani anakata mkoko na mkandaa wapi na nani anaacha. Mkoko uliozuiliwa upande mmoja wa hori unakatwa upande wa pili maji yakijaa. Makubaliano yaje baada ya hapo, yakiwa ya pamoja.

Kama ni kichaka cha maweni kinachotoa kuni na makaa kwa kaya nyingi, njia ya pili, lakini kwa sharti: angalau theluthi ya kamati wawe watu wanaoishi kwa msitu huo, wanawake wa kuni wakiwemo. Msiandike katazo lolote mpaka muwe mmeandika pa kupata.

Kama kijiji chenu kimepakana na Jozani, Ngezi au hifadhi nyengine, nguvu zenu zipelekeni kwenye mgao na fidia, na wakati huo huo wekeni makubaliano juu ya vichaka vilivyobaki nje ya hifadhi, maana ndivyo vitakavyobeba mashoka yaliyofukuzwa ndani. Watu wa Makangale na Tondooni, wanaopakana na Ngezi, wanaijua hali ya kuishi ukingoni mwa msitu mkubwa. Waulizeni kabla ya kuanza.

Kama mna pango, kisima au makaburi yenye miti ambayo hakuna anayeigusa, yaacheni mikononi mwa walio nayo. Yaandikeni tu kwenye ramani, ili atakayekuja na hati ya kiwanja akute jina la mahali pale limo.

Kama msitu umeshakwisha na kilichobaki ni visiki, msipoteze mwaka kwenye karatasi. Visiki vingi vya maweni vinachipua vyenyewe vikiachwa. Zuieni moto na mbuzi kwa misimu michache, pandeni mivinje kwenye mashamba ya watu, na jumuiya ndogo inatosha kwa kuanzia. Makubaliano mtayatafuta pale patakapokuwa na kitu cha kukata.

Na kama hamjakubaliana bado, nendeni msituni siku moja, asubuhi, kamati nzima pamoja na sheha, mkiongozwa na mkataji mmoja mtakayemuahidi kwamba hatashitakiwa kwa atakachowaonesha. Mpeni maji, mfuateni nyuma, na daftari moja la kuandika.